Visigino Ukutani

4 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi hii kwenda kwa binti yetu, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza wiki iliyopita. Kabla hajapanda gari amenikabidhi daftari hili, na kidole amekinyoosha kabisa.

"Kila siku uandike umeifanyia nini hiyo miguu. Mvua zikiisha narudi, nitasoma. Na usiniandikie uongo, bwana, nakujua."

Basi naandika. Mimi ni kinyozi. Tangu ujana wangu nimesimama nyuma ya kiti kimoja nikizunguka vichwa vya watu, na shukrani ya miguu ni mishipa iliyovimba na kujipinda, ya rangi ya zambarau, kuanzia nyuma ya magoti hadi vifundoni. Binti yetu alipokuwa mdogo alikuwa akiifuata kwa kidole na kuniuliza, "Hii inakwenda wapi, baba?" Daktari alinieleza kwamba ndani ya mishipa hiyo kuna vijilango vya kuizuia damu isirudi chini, na vyangu vimelegea. Damu ikishuka inapata tabu kupanda. Wa kuisukuma ni mashavu ya miguu, nayo hayafanyi kazi yoyote nikisimama kama nguzo.

Kwa hiyo nina masharti. Soksi za kubana nizivae asubuhi kabla sijashuka kitandani. Nitembee kabla ya kufungua duka. Nikiwa kazini ninyanyue visigino, nishushe, ninyanyue tena. Nikikaa nisikunje nne. Na jioni nilale chali sakafuni, miguu nimeiinua ukutani, ili damu irudi ilikotoka.

Hili la ukutani ndilo letu sote wawili. Yeye mishipa ya namna hii hana. Miguu yake haijamsumbua hata siku moja. Lakini jioni ile ya kwanza aliponikuta nimelala vile, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema, "Peke yako unaonekana kichekesho. Sogea." Akatandika shuka, akalala pembeni, akainua na yake. Tangu hapo imekuwa kila jioni, mimi upande wa mlango, yeye upande wa dirisha, tunapiga soga mpaka wali uanze kuungua jikoni. Ukutani pamebaki alama za visigino, jozi mbili. Zake ni ndogo, na ziko chini kidogo ya zangu.

Mazoezi ya leo: yote. La mwisho limekuwa refu kuliko kawaida.

5 Machi

Soksi hizi ni vita. Zimebana kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuzivaa na heshima yake ikabaki. Siku zote yeye alivuta, mimi nikasukuma, na mmoja wetu lazima angeanguka. Leo nimezivaa mwenyewe. Nimetokwa na jasho kabla ya kuoga.

6 Machi

Mvua imeanza. Nimetembea na mwavuli hadi kiwanda cha mbao na kurudi.

9 Machi

Leo dukani nilikuwa namnyoa Mwalimu, mteja wangu wa miaka mingi, aliyestaafu lakini hajaacha kusahihisha watu. Nikawa nanyanyua visigino nyuma ya kiti kama nilivyoagizwa. Akaniangalia kwenye kioo.

"Fundi, naona unapanda na kushuka. Umekunywa?"

"Mazoezi ya miguu, Mwalimu."

"Basi ukiwa unapanda, wembe uwe mbali. Masikio yangu ni haya mawili tu."

Nilicheka mchana kutwa. Jioni nimelala ukutani nikausimulia upande wa dirisha kisa chote, na sauti ya Mwalimu nikaiiga. Halafu nikanyamaza, nikisubiri acheke. Ndipo nilipojua kwamba hizi mvua zitanionyesha cha mtema kuni.

10 Machi

Jumapili. Amepiga simu. Mtoto ananyonya vizuri, analia vibaya. Anasema amefanana na mimi, hana nywele na ana maneno mengi.

"Miguu?"

"Sawa kabisa."

"Soksi unavaaje?"

"Mwenyewe. Naona hata ni rahisi."

"Ahaa," akasema. Sijui kwa nini nilisema ni rahisi.

14 Machi

Mvua.

15 Machi

Mvua. Nimevaa soksi ya kushoto kisigino kikiwa mbele. Nimegundua mchana.

20 Machi

Ukuta wa sebuleni umeanza kuota ukungu kwa chini. Yeye amekuwa akilalamikia ukuta huo kwa miaka. "Siku mgeni wa maana akiingia hapa, nitajificha jikoni," husema. Na mimi hujibu kwamba mgeni wa maana haangalii kuta.

Nimetembea, nimenyanyua visigino, nimelala ukutani. Kuna kitu sikukitegemea: namkumbuka zaidi wakati wa mazoezi kuliko wakati wa kula. Wakati wa kula nina redio.

27 Machi

Leo naandika kirefu kwa sababu sina wa kumwambia.

Binti yetu amepiga simu. Mara hii alikuwa yeye mwenyewe, na nilipomsikia anaanza na "Baba yangu mpendwa" nikajua kuna ombi.

"Baba, likizo yangu ya uzazi inaisha karibuni, narudi kazini. Mtoto bado mdogo. Nilikuwa naomba mama akae na sisi mpaka atembee."

Mpaka atembee. Mtoto ambaye hata shingo haijakaza!

"Mama yako anasemaje?"

"Anasema uamue wewe. Ukisema arudi, atarudi."

Nilisimama na simu sikioni, nikitazama zile alama ukutani. Maneno niliyonayo ni machache na nayajua: mwambie arudi. Yalifika hapa kooni. Lakini nikamfikiria binti yangu na kichanga chake, nikajiuliza mimi ni baba wa namna gani, mtu mzima na ndevu zangu, nimnyang'anye mtoto bibi yake kwa sababu ya soksi. Nikasema, "Hakuna shida, mwanangu. Akae tu. Mimi niko sawa."

Nyuma yake nikasikia mtu ameweka sufuria chini kwa kishindo. Halafu binti yangu akasema, "Asante, baba. Mama amesikia."

Jioni sikulala ukutani. Nilikaa kwenye kiti na nikakunja nne, makusudi kabisa.

28 Machi

Sikutembea. Mvua.

29 Machi

Sikutembea. Haikunyesha.

3 Aprili

Sasa mke wangu ananipigia kila baada ya siku kadhaa, na tunaongea kama majirani. Mtoto amecheka. Mvua huku ni kubwa. Na huko? Huko pia. Zamani tulikuwa tunaweza kugombana jioni nzima kuhusu chumvi.

Vifundo vya miguu vimevimba ikifika jioni. Soksi haziachi tena alama ya pindo, kwa kuwa sizivai kila siku. Kwa unyevu huu hazikauki, na kuvaa soksi mbichi ni adhabu.

8 Aprili

Nimepata wazo. Nitapaka ukuta rangi. Atakuja hata kwa siku mbili tatu kuchukua nguo zake, na akiingia akute nyumba inang'aa, labda moyo utamvuta. Nimeongea na fundi rangi wa mtaa wa pili. Nimechagua nyeupe inayokaribia maziwa, ile aliyowahi kuisifia kwa jirani.

11 Aprili

Nimefanya upumbavu, na nitauandika jinsi ulivyotokea.

Fundi rangi alikuja asubuhi nikiwa nawahi dukani. Akaukagua ukuta, akagusa alama zile.

"Mzee, hapa kuna panya wanapanda ukutani?"

"Panya wa nini? Paka kote, usiache hata kona. Nataka pawe papya."

Nikaondoka nikipiga mluzi. Mchana nilimsimulia kila aliyekaa kwenye kiti kwamba nyumba yangu inapakwa rangi. Nilirudi jioni, harufu ya rangi imejaa, madirisha yako wazi, ukuta umetoka kama mpya. Nikafurahi kweli. Nikasema leo lazima nilale pale, kwa siku nyingi sijalala. Nikatandika shuka, nikainua miguu kwa uangalifu bila kugusa kwa kuwa rangi ilikuwa mbichi, kisha nikageuza kichwa upande wa dirisha kama nilivyozoea.

Hapakuwa na kitu. Ukuta mweupe mpaka kwenye kona.

Sikuwa nimefikiri. Siku zote niliziona alama zile, na bado nilipotoa amri ile sikuzifikiria hata kidogo. Nilimwona yeye anaingia na kushangaa, nikasahau kwamba yeye tayari yuko pale. Hicho kilikuwa kitu chake pekee humu ndani ambacho hakingeweza kuwekwa kwenye mfuko na kupelekwa kwa binti yetu. Mimi ndiye niliyemlipa mtu akifute.

Nimelia. Naandika hivyo kwa kuwa alisema nisiandike uongo.

12 Aprili

Nimemrudia fundi rangi kumuuliza kama kuna namna ya kuondoa rangi ya juu na kubakiza ya chini. Ameniuliza kama nina homa.

17 Aprili

Mvua. Miguu inawasha.

22 Aprili

Shule zinafunguliwa wiki hii na kila kichwa mtaani kimekumbuka kwamba kina nywele. Nimesimama tangu asubuhi. Sikunyanyua kisigino hata kimoja. Ngozi karibu na kifundo cha kushoto imekuwa nyeusi na inang'aa, na inawasha kiasi cha kunitoa akili. Nimejikuna na ukingo wa kiatu cha pili, huku nanyoa.

23 Aprili

Nimetoka damu leo. Naandika nikiwa nimelala, mguu uko juu ya mito miwili.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa nimeshaumaliza. Nikazunguka kwenda upande wa pili na kifundo changu kikagonga chuma cha kuwekea miguu. Haikuwa kishindo, hata sikupiga kelele. Lakini nikahisi joto kwenye kiatu. Nikatazama chini nikaona damu inaruka, nyembamba, mpaka kwenye shuka la mteja. Miaka yote hii nimeona damu ya mashavu na ya shingo, damu ndogo ya kufutwa na pamba. Hii haikuwa ya pamba. Nikasimama naitazama.

"Lala chini!" Mwalimu akaruka kutoka kitini na shuka lake shingoni. "Lala chini, mguu juu!"

Nikalala kwenye nywele za watu. Akauweka mguu wangu juu ya kiti changu mwenyewe, akakunja taulo, akalikandamiza pale kwa viganja vyote viwili na hakuachia hata nilipomwambia inatosha. Na damu ikatulia. Mishipa ya aina hii ikipasuka, mguu ukiinuliwa na kubanwa, damu husimama. Nilishaambiwa na daktari siku nyingi, lakini pale nilikuwa sikumbuki hata jina langu.

"Mkeo anajua hali ya miguu hii?" akaniuliza, bado amebana.

"Sitaki kumtia hofu."

"Anajua kwamba unamkumbuka?"

"Hilo linahusiana nini na damu, Mwalimu?"

"Nimeuliza tu. Kichwa changu kimebaki nusu, sina pa kwenda."

Alinipeleka zahanati vilevile, nusu amenyolewa, watu wanageuka barabarani. Muuguzi alisafisha, akafunga bandeji imara kuanzia vidoleni kwenda juu, akanisema bila kupumzika. Soksi ziko wapi? Zimelowa. Kwa nini huna jozi ya pili? Sijui. Unatembea? Nilikuwa natembea. Kisha akauliza nyumbani ni nani anayenisaidia kuvaa soksi. Nikamjibu, "Mke wangu." Akasema vizuri, akaandika. Njia nzima nilijisikia kwamba nimetaja mtu aliyepotea.

Jioni amepiga simu.

"Miguu?"

Mguu uko hapa juu ya mito, umefungwa kitambaa cheupe.

"Iko sawa."

"Basi vizuri," akasema. "Inaonekana sina kazi tena huko." Akacheka, lakini kicheko chake nakijua, na hakikuwa kile.

24 Aprili

Sikulala. Najiuliza nani alinifundisha neno "sawa".

26 Aprili

Nimenunua jozi ya pili ya soksi. Muuguzi amesema nisivae mguu wa kushoto mpaka apaangalie tena. Nimeanza kuzungusha vifundo nikiwa kitandani, vidole kuja kwangu, vidole kwenda mbele. Duka limefungwa. Mwalimu amekuja nimmalizie upande uliobaki. Nimemnyoa nikiwa nimekaa, yeye kwenye kigoda chini, kama mtu na mjukuu wake. Hajalalamika.

2 Mei

Nimetembea hadi kiwanda cha mbao. Polepole. Mawingu yameanza kupasuka.

7 Mei

Muuguzi ameridhika, kidonda kimefunga. Nimemuuliza kama naweza kusafiri. Amesema naweza, mradi nisikae mguu umeganda: basi likisimama nishuke nitembee, likienda nizungushe vifundo, na soksi nivae miguu yote miwili.

Sijamwambia mtu ninakwenda.

9 Mei

Niko kwa binti yetu. Naandika kwenye meza yao, wakati watu wako nje wanamwogesha mtoto.

Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nitaanza na afya ya mtoto, nitakuja kwenye hali ya nyumba, nitamalizia kwa kusema kwamba kama nafasi ipo. Kama nafasi ipo! Jirani yangu kwenye basi aliona miguu yangu inavyocheza muda wote, akaniuliza kama nina wasiwasi. Nikamwambia ni ya mishipa. Nadhani tulikuwa sahihi sote wawili.

Binti yetu alifungua mlango, akaziba mdomo kwa mkono. "Baba! Mbona hukusema?" Akanipokea mfuko, akanirudishia papo hapo kwa kuwa mtoto alianza kulia. "Mama ameenda dukani hapo, anarudi sasa hivi. Weka mfuko chumbani kwake, kile cha nyuma."

Nikaingia. Chumba kidogo, kitanda, kikapu cha nguo za mtoto. Kitanda kimesogezwa mpaka upande wa pili kabisa, ukuta mmoja umebaki wazi, na chini yake kuna shuka lililokunjwa vizuri. Nikautazama ukuta ule. Palikuwa na alama za visigino, jozi moja, ndogo.

Hazikuwa katikati. Zilikuwa upande wa dirisha, karibu na kona. Upande wa mlango palikuwa peupe na safi, nafasi ya mtu mmoja kulala.

Nimesimama pale sijui kwa muda gani. Nikasikia hatua zake, nikageuka. Alikuwa na mkate mkononi. Amekonda kidogo. Alitazama ukuta, akanitazama mimi.

"Usimwambie mkwe wako," akasema. "Nitaufuta kabla sijaondoka."

"Miguu inakuuma?"

"Miguu yangu haijawahi kuniuma."

"Sasa?"

"Sasa nini? Ikifika jioni nalala hapo. Naongea, na mtoto anadhani naongea na yeye."

Yale maneno niliyoyapanga yakanitoka kichwani yote. Nikasema, "Siko sawa. Sikuwa sawa hata siku moja. Mguu ulipasuka nikakuficha. Nimekuja kukuchukua, twende nyumbani."

Akauweka mkate kitandani. "Haya yote yangeingia kwenye simu," akasema. "Ungejiokolea safari." Alikuwa anacheka, huyu sasa ndiye, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Kisha akapiga magoti palepale, akapandisha suruali yangu, akaanza kukagua kifundo na kunigombeza.

Binti yetu alikuwa mlangoni na mtoto begani. "Mimi nilimwona anavyolala hapo kila jioni, nikamwambia mama, rudi," akasema. "Akasema baba yako hajaniita. Mama mkwe wangu amekubali kuja kumlea mtoto tangu mwezi uliopita, alikuwa anasubiri tu hawa wawili waongee."

12 Mei

Jumapili. Tumefika nyumbani.

Habari ya ukuta sikumwambia njiani. Niliogopa. Alifungua mlango, akatua mfuko, akasimama katikati ya sebule.

"Umepaka rangi."

"Ulisema unatia aibu."

"Nilisema." Akasogea karibu, akapitisha kiganja pale chini, upande wa dirisha, kisha upande wa mlango. "Zote?"

"Zote. Sikufikiri. Nilitaka upendezwe."

Akavua viatu, akatoka nje pekupeku. Kupitia dirishani nikamwona uani, kwenye tope la mvua ya mwisho, anakanyaga mguu mmoja, anakanyaga wa pili, bila haraka. Akarudi ndani akiacha nyayo sakafuni mpaka mbele ya ukuta mpya, akalala chali upande wake, akainua miguu, akavibandika visigino kwenye rangi nyeupe.

"Unasubiri nini wewe?" akasema. "Vua soksi."

Nikazivua, nikatoka uani kukanyaga tope.